Koo ya mtoto, moyo wa mtoto

Bandugu, mtajiuliza mtu wa agronomia anatafuta nini mu mambo ya moyo. Ngoja niwaeleze.

Hapa Annexe, mtoto wa mama yangu mkubwa alianza kuumwa goti akiwa na miaka 11. Siku tatu nyuma goti likapona, kiwiko kikavimba, na homa juu. Nyumbani tukasema: "Ni mifupa njo inakomea." Tukamupaka mafuta, tukamupa dawa ya malaria, ikaisha. Kufika miaka 18, hakuweza tena kubeba bidoni ya maji bila kukaa chini mara mbili njiani. Munganga alisikiliza kifua, akaomba ekografi, kisha akauliza: "Wakati ule, alikuwa ameumwa koo mbele?" Tukaangaliana. Nani anakumbuka koo ya mtoto?

Ugonjwa wenyewe unaitwa rumatisime ya moyo. Unaanza na bakteria ya kooni, streptokoki ya kundi A. Juu yake kuna protini inayoitwa M, na vipande vyake vinafanana na protini za moyo wetu. Wenye wamefanya palizi wataelewa haraka: kuna nyasi ambayo ikiwa changa inafanana na mahindi kabisa. Umwambie kibarua "ng'oa kila kitu cha sura hii", atang'oa na mahindi yako. Hana ubaya, anafuata sura uliyomwonyesha. Kinga ya mwili inafanya vilevile. Wiki mbili au tatu kiisha koo kupona, bakteria hata haiko tena, lakini palizi inaendelea: magoti, viwiko, na milango ya moyo. Goti linapona bila alama, na hapo njo tunadanganyika. Mlango wa moyo unabaki na kovu. Kila koo mpya ya streptokoki inaweza kuongeza kovu lingine, mpaka mlango haufungi vizuri na damu inarudi nyuma.

Sasa, mtoto ambaye mlango wake umeanza kuharibika kidogo, na yeye hasikii kitu, anaweza kusaidiwa? Kwa miaka mingi hakukuwa na jibu la hakika. Emmy Okello, munganga wa moyo wa Uganda Heart Institute ya Kampala, pamoja na Andrea Beaton wa Cincinnati, Marekani, na wenzao, walilitafuta kaskazini ya Uganda, upande wa Gulu. Walipima watoto zaidi ya 100,000 kwa ekografi. Wakapata 818 wa miaka 5 hadi 17 wa kuingia katika utafiti, wakawagawa kwa kura: nusu sindano ya penisilini kila wiki nne, nusu bila. Parseli moja na mbolea, ingine bila. Kwetu hiyo ni kazi ya kila siku.

Matokeo yalitoka mwisho wa 2021. Kiisha miaka miwili, waliozidi kuharibika kati ya wale wa sindano walikuwa 3 kwa 399. Kwa wale wengine, 33 kwa 400. Mimi nilisoma hesabu hiyo mara mbili. Na tuelewane: penisilini hainyamazishi kinga. Inazuia streptokoki isirudi, basi kinga haipati tena sababu ya kushika jembe. Si dawa ya kujinunulia, kwa sababu kuna watu inawaletea alerji kali, na sindano yenyewe inauma.

Je, kwetu Kongo? Mwaka 1998 Benjamin Longo-Mbenza na wenzake walitangaza uchunguzi wa watoto wa shule mu Kinshasa: wapata 14 kwa kila 1,000 walikuwa na ugonjwa huu, na zaidi mu makartie ya kubanana. Watoto sita mu chumba kimoja wanapeana koo. Sisi wa Annexe tunavijua vile vyumba.

Kwa hiyo, mdogo wako akiwa na homa, koo inauma kumeza, tezi za shingo zimevimba na hakohoi, mpeleke kwa munganga. Dawa ikianza mbele ya siku 9, bado inaweza kukinga moyo. Wakimpa vidonge vya penisilini vya siku 10, amalize 10, hata kama siku ya tatu anacheza mpira.

Dada yangu naye anachomwa sindano kila wiki nne, kovu lisiongezeke. Tarehe ameandika kwa biki nyuma ya mlango wa jikoni. Ya mwezi huu ni Alhamisi, na zamu ya kumsindikiza ni yangu.