Fahamu: Cheti cha mshauri wa programu kina uzito gani?

Mwenye duka la jumla Makindye, Kampala, aliyesajiliwa kulipa VAT hana hiari: tangu Januari 2021, mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, inamtaka atoe ankara na risiti kupitia EFRIS, mfumo wake wa kielektroniki. Hapo ndipo humtafuta mshauri wa kuunganisha programu yake ya hesabu na mfumo huo.

Adai cheti? Kanuni za 2016 zinataka watoa huduma za TEHAMA wathibitishwe na NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari nchini humo. Vyeti vya Odoo, mojawapo ya programu hizo za hesabu, navyo hufungamana na toleo, na toleo jipya hutoka kila mwaka; basi tazama tarehe, si muhuri tu.

Binafsi ningeuliza swali moja: mteja akirudisha bidhaa, ankara iliyokwisha kufika URA utairekebishaje? Asiyejibu, hata awe na vyeti ukuta mzima, simpi kazi.