Kwenda dago: tazama mwezi kabla ya kushika kafi

Katika miezi ya Oktoba na Novemba, pepo za kusi zikiisha kulegea na kaskazi haijashika, bahari ya Mombasa huingia katika kipindi cha maleleji. Mawimbi hupungua na maji huanza kutakata. Ndio wakati mwafaka wa kwenda dago, yaani kuvua na kulala kambini mbali na nyumbani.

Desturi hii ni kongwe. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakivuka hadi pwani ya Kenya kwa misimu, wakipiga kambi majuma kadhaa kabla ya kurejea kwao. Anayetaka usiku mmoja tu, kwa mtumbwi wa makafi, hana haja ya kwenda mbali hivyo. Mkono wa bahari wa Tudor huanzia penye Bandari ya Kale, ukapita chini ya daraja la Nyali na kuingia bara hadi kwenye mikoko.

Wengi hupanga safari kama hii kwa kutazama siku za likizo. Kinachostahili kutazamwa kwanza ni mwezi mwandamo. Karibu na tarehe mosi na tarehe 15 huwa bamvua: maji hupanda na kushuka kwa kiasi kinachoweza kupita mita 3. Karibu na tarehe 7 na 22 huwa maji mafu, na mwendo wake ni mdogo.

Siku za bamvua hapa Mombasa, maji hujaa takriban saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku ipitayo nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Basi anayeondoka Mji wa Kale saa tano asubuhi hubebwa na maji yanayojaa hadi ndani. Akilala huko na kung'oa kambi baada ya swala ya alfajiri, maji yanayopwa humrudisha. Akikaidi saa hizo, atapiga kafi mchana kutwa akishindana na mkondo, na huenda akapwelewa kwenye tope na kungoja saa kadhaa hadi maji yarudi.

Hatari kubwa iko kwenye kurudi. Mkondo ule ule unaokuleta nyumbani hauishii gatini. Hupita mbele ya Fort Jesus na kutoka bahari kuu. Asiyeanza kukaribia ufuo mapema, akiwa bado hajafika mjini, anaweza kupitishwa bandari huku akiitazama. Kwa sababu hiyo, kwa maoni yangu, wageni wa kafi wangoje maji mafu, hata kama safari itakuwa ya kuchosha zaidi, na waende na mtu aujuaye mlango huo.

Kambi ipigwe juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na maji, si juu ya mchanga unaovutia macho, na kwa idhini ya wenyeji wa hapo. Mikoko isikatwe kuni, chukua makaa. Madumu ya maji ya kunywa, kata ya kufulia maji chomboni, nanga, taa na jaketi la kuokolea kwa kila mtu ni vya lazima. Kwa uvuvi, mshipi, ndoana, chubwi na chambo vinatosha kumpata changu. Bunduki za mishale na nyavu za kukokota zimepigwa marufuku nchini.

Anayefikiria kutoka nje kuelekea Nyali na Bamburi akumbuke kwamba hifadhi ya taifa ya baharini iliyoanzishwa huko mwaka 1986 hairuhusu uvuvi wowote ndani ya mipaka yake.

Novemba pia ni mwezi wa mvua za vuli, na tufani za maleleji huja ghafla. Sikiliza utabiri wa hali ya hewa usiku wa kuamkia safari, kisha mwachie mtu wa nchi kavu majina ya abiria wote, mahali pa kambi na saa ya kurudi, pamoja na saa ambayo asipowaona atapiga simu kuomba msaada.