Farasi na Mtoto Mwenye Hofu

Leo nataka tuzungumze juu ya watoto wanaokua katika nyumba zenye magomvi na mapigo, na juu ya mnyama mmoja ambaye amewafaa baadhi yao. Mnyama huyo ni farasi.

Labda mtashangaa. Wengi wetu twamjua farasi kwa mashindano ya mbio tu, kule Ngong Road, Nairobi. Lakini katika jimbo la Utah, Marekani, mwaka 1999 kilianzishwa chama kiitwacho EAGALA, ambacho hufundisha watu jinsi ya kutumia farasi katika kutibu majeraha ya moyo. Katika tiba yao mtoto hapandi farasi. Husimama chini uwanjani pamoja naye, na karibu yao wapo watu wazima wawili: mshauri aliyesomea matatizo ya akili na moyo, na mtu anayezijua vizuri tabia za farasi. Mtoto hupewa kazi ndogo, kama kumwongoza farasi apite kati ya magogo.

Kwa nini farasi, wala si ng'ombe au mbuzi? Farasi kwa asili ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako kando ya kichwa, huona karibu pande zote. Masikio yake hugeuka huku na huku. Akishtuka, hukimbia. Sasa mfikirie mtoto ambaye usiku husikia mama yake akipigwa. Yeye naye hutega sikio. Kwa jinsi mlango unavyofunguliwa hujua kama usiku huo utakuwa wa amani au wa kilio. Wawili hawa wanafanana.

Tena farasi mzima aweza kuwa na uzito wa kilo 500 hivi. Mtoto akimkemea, farasi hujitenga. Akimvuta kwa nguvu, hukaza miguu. Lakini mtoto akitulia, akashusha mabega na kungoja, mara nyingi farasi husogea mwenyewe. Hapo mtoto hujifunza jambo ambalo nyumbani hakulifundishwa: ya kuwa mwenye nguvu si lazima aumize, na ya kuwa mtu aweza kusikilizwa bila kupiga.

Na yule aliyekuwa kimya hupata njia ya kusema. Aweza kusema, "Farasi huyu anaogopa." Mshauri humwuliza, "Anaogopa nini?" Jibu lake huenda likawa la moyo wake mwenyewe.

Lakini tusidanganyike. Farasi hawezi kumponya mtoto ambaye jioni hurudishwa kwenye mapigo yale yale. Kwanza mtoto awe salama, ndipo tiba ifuate.

Sasa, ndugu zangu, wengi wetu hatuna farasi. Lakini yale ampayo mtoto sisi pia twaweza kumpa: utulivu, subira, na kutomlazimisha kusema kabla hajawa tayari. Shangazi aweza, mwalimu aweza, jirani aweza. Twapenda kusema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli mtoto huonywa, lakini methali hiyo haikutungwa ili mtoto avunjwe mkono, wala mama yake apigwe mbele yake.

Wala tusiseme, "Hayo ni mambo ya nyumba ya watu." Hapa Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto asitendewe ukatili, hata na mzazi wake. Ukijua mtoto anayeumizwa, piga simu namba 116, haina malipo.

Na wewe baba unayenisikiliza, leo jioni ufikapo mlangoni, watazame watoto wako. Je, wanakukimbilia, au wanakukimbia? Jibu utaliona machoni mwao. Mungu atusaidie sote. Kwaherini.