Tone Moja la Damu, Majibu Mawili: Hii Sumaku Inafanya Kazi Ka Spika ya Nganya

Ushawahi kuwa na homa, ukadungwa kidole, ukaambiwa malaria hakuna, halafu ukaambiwa ulipie kipimo kingine? Mimi yalinipata doo zikiwa zimeisha. Nilienda home na dawa za kubahatisha.

Sasa kuna wanasayansi wanasaka njia ya kupima vitu viwili kwa tone moja, na wanatumia sumaku. Cheki venye inafanya.

Kwanza kuna chembe za oksidi ya chuma, ndogo hadi unywele wako unazishinda unene mara maelfu. Chembe aina ya A inavalishwa kingamwili yenye hushika ugonjwa wa kwanza pekee. Aina ya B inavalishwa ya ugonjwa wa pili. Kila chembe yenye imepata wake inanaswa kwa kichujio, zingine zinaoshwa ziende. Swali ni moja: zenye zimebaki ni A, ni B, ama ni zote?

Hapo ndio mathree inaingia. Unajua ile spika imefunguliwa hadi inakwaruza? Huo mkwaruzo haukuwa kwa ngoma. Spika imefika mwisho, haiwezi songa zaidi, so inachanganya sauti zenye iko nazo na kutoa ingine yenye DJ hakuweka.

Chembe ni vivyo hivyo. Koili inazipiga na mawimbi mawili ya sumaku: moja la mbio, tuseme mara 40,000 kwa sekunde, na lingine pole, mara 60. Hilo la pole linazisukuma hadi zinajaa, haziwezi meza sumaku zaidi. Hapo zinatoa wimbi jipya la 40,120, yaani 40,000 jumlisha 60 mara mbili. Damu, maji na plastiki hazijai hivyo, kwa hivyo zinanyamaza. Ukipata 40,120, jua chembe ziko ndani.

Kutofautisha je? Chembe yenye kiini kikubwa inajaa mapema, kwa sumaku kidogo. Yenye kiini kidogo inataka nguvu zaidi, ka vile spika mbili tofauti hazianzi kukwaruza kwa volyumu moja. Kwa hivyo wanaongeza sumaku nyingine tulivu, haitikisiki, na kuipandisha polepole. Wimbi la 40,060, lenye halikuwepo, linaanza kutokea, huku la 40,120 likishuka. Kila aina ya chembe inachora mchoro wake. Kompyuta inachukua mchoro wenye umechanganyika na kupiga hesabu: A kiasi gani, B kiasi gani.

Wasee wa kituo cha utafiti cha Forschungszentrum Jülich, Ujerumani, ni kati ya wenye wameisukuma hii kitu mbele.

Lakini usikimbie kliniki kuiulizia. Chembe za chupa moja hazilingani saizi, na zile kubwa hupiga kelele hadi ndogo hazisikiki. Aina mbili zikikaribiana, michoro inafanana na hesabu inaweza danganya. Na kwa mgonjwa, kuchanganya A na B si mchezo, ni kumeza dawa ya ugonjwa wenye hana.

Ndio maana bado wanasaka chembe zenye hazifanani kabisa. Wakizipata, kidole kitadungwa mara moja, na wewe utalipia dawa yenye unahitaji.