Bastola ya Mfukoni Iliyowaletea Vita Watu wa Iringa na Tukuyu

Ukimuuliza mkazi wa Iringa habari za silaha za kale, atakutajia gobore, au bunduki ambazo majeshi ya Mtwa Mkwawa yaliziteka kwa Wajerumani pale Lugalo mwezi wa Agosti 1891. Bastola hataitaja. Na hana kosa, kwani bastola tunayoizungumzia hapa haikupata kufika Nyanda za Juu Kusini. Kilichofika ni madhara yake.

Ndugu msomaji, asili yake ni mji wa Herstal, jirani na Liège, nchini Ubelgiji. Mwaka 1889 mafundi wa bunduki wa Liège, waliokuwa wakigombania wateja, waliungana kuunda kampuni ya Fabrique Nationale, wapate kuitengenezea serikali yao bunduki 150,000 za mtindo wa Mauser. Kazi ile ilipopungua, kampuni ilitafuta riziki hata kwenye baiskeli. Mwaka 1897 wakala wake alikwenda Marekani kuangalia mambo ya baiskeli, akarudi na mchoro wa bastola ya John Browning, fundi wa Ogden, Utah. Tangu hapo Browning na wenye viwanda wakagawana dunia: kampuni ya Colt ikachukua Marekani, Herstal ikachukua Ulaya.

Bastola hiyo ilikuwa ndogo, bapa, nyepesi, na iliweza kufichwa katika koti. Jina la Browning likawa kwa Wafaransa jina la bastola yoyote. Washindani hawakulala: Ujerumani walikuwapo Mauser na Walther, na kule Eibar, mji wa Wabaski nchini Hispania, karakana ndogo ndogo zilinakili kazi ya Browning bila haya, kwa kuwa sheria ya huko haikumlinda mvumbuzi mgeni asiyetengeneza bidhaa yake ndani ya nchi. Ufaransa ilipopungukiwa silaha mwaka 1915, karakana hizo ziliiuzia bastola kwa mamia ya maelfu. Kila karakana ilikuwa na vipimo vyake, hata magazini ya bastola moja mara nyingi haikuingia katika nyingine. Askari aliyepoteza yake vitani alikuwa na hasara kubwa.

Lakini turudi nyuma kidogo. Tarehe 28 Juni 1914, mwezi wa Shaaban 1332 Hijria, katika mji wa Sarajevo wenye misikiti na masoko ya enzi ya Waturuki, kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip, alimpiga risasi mrithi wa kiti cha Austria pamoja na mkewe. Bastola yake ilikuwa ya Herstal, muundo wa 1910, moja kati ya nne walizopewa vijana wale kutoka Belgrade. Vita vilikuwa na sababu nyingi, na wakubwa wa Ulaya walikuwa wamejiandaa tangu zamani. Ila mlango ulifunguliwa kwa risasi zile.

Mji wa Mbeya ulikuwa bado haujazaliwa. Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, ilitekwa mwezi wa Mei 1916 na majeshi ya Jenerali Northey yaliyotokea Nyasaland, na Iringa ikafuata mwishoni mwa Agosti. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe na nafaka za wananchi. Wanaume walitolewa mashambani wakabebeshwa mizigo, na mke aliyebaki na watoto alilima peke yake, kama mbegu haikuwa imeliwa na askari. Kwa upande wa Uingereza pekee, wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki ni zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Kaskazini ya Iringa, Wagogo waliipa njaa yao jina la Mtunya. Kisha ikaja homa ya mafua ya 1918.

Mwaka huo huo Lettow-Vorbeck alipita tena Njombe na askari wake, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na kusalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Browning alifariki mwaka 1926 akiwa kazini huko Herstal, na kiwanda kiliendelea kuuza bastola ya muundo ule ule kwa miongo mingi.