HISTORIA: NI MAMBO YA KALE TU?



Wengi kati yetu tunasema: «Historia ni kushika tarehe kwa kichwa, kisha mtihani tunasahau.» Tuangalie pamoja kama ni kweli.

Tuchukue mambo ya mpira katika inchi yetu, wakati Leopold II aliitawala kama mali yake mwenyewe, toka 1885 mpaka 1908. Huko Ulaya watu waliambiwa ya kuwa ni kazi ya biashara na maendeleo. Lakini E. D. Morel, karani wa kampuni moja ya meli, aliangalia hesabu za mizigo kule Anvers. Akaona nini? Meli zilifika zimejaa mpira na pembe za tembo. Zikirudi Kongo, zilibeba zaidi bunduki na risasi, bidhaa za kuuza kidogo tu. Basi akajiuliza: kama watu hawalipwi, juu ya nini wanafanya kazi? Jibu lilikuwa moja: wanalazimishwa.

Wamisionere Waprotestanti walishuhudia vilevile. Na wazee wetu hawakunyamaza. Tume ya uchunguzi ilipokuja 1904-1905, chifu Lontulu wa Bolima aliweka mezani vijiti 110. Kila kijiti ni mtu wake mmoja aliyeuawa juu ya mpira. Akavitenga: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Tume ilitoa ripoti 1905, lakini maneno yenyewe ya mashahidi hayakuchapwa. Yalifungiwa Bruxelles, wachunguzi waliruhusiwa kuyasoma katika miaka ya 1980 tu.

Sasa sisi tunapata nini? Mambo mawili.

La kwanza: tukisikia maneno matamu juu ya kobalti ao koltani yetu, tuulize kama Morel: kinachotoka ni nini, na kinachorudi ni nini? Tuhesabu kwanza, kisha tuseme.

La pili: ushuhuda usioandikwa unakufa pamoja na mwenyewe. Wakati wa vakansi twende kwa wazee na daftari. Tuandike nani alisema, wapi, na mwaka gani. Wazee wawili wakipingana, tuandike yote mawili, tusichague tu lile linalotupendeza.

Mwenye kupata ushuhuda aulete hapa, tutausoma pamoja.