Simu Imetoka Ofisini, Imeingia Mfukoni: Maana Yake kwa Familia Zilizohama

Familia ikitawanyika kwa kukimbia, swali la kwanza ni moja: wengine wako wapi? Kwa miaka mingi hapa Kongo swali hilo lilikaa wiki au miezi bila jibu. Leo simu ya mkononi mara nyingi hulijibu kwa dakika moja. Mabadiliko haya yana faida kubwa, lakini yametukabidhi pia kazi mpya.

Simu ya waya ilikuwaje?

Wakati wa Zaire simu ya waya ilikuwa chini ya ofisi ya serikali ya posta na simu. Ilifika katika ofisi, makampuni na nyumba chache za mijini. Vijijini watu walitegemea barua au redio ya foni ya parokia. Uporaji wa 1991 na 1993, kisha vita vya 1996 na 1998, viliikuta huduma hiyo tayari dhaifu. Waya ukikatwa au kuibwa, mtaa mzima ulinyamaza, na kuurudisha kulihitaji pesa na barabara salama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi yenye watu zaidi ya milioni 45 ilihesabiwa kuwa na laini zipatazo 10,000 tu.

Kwa nini simu ya mkononi ilishinda?

Kinshasa iliijua tangu miaka ya 1980, kupitia kampuni ya Telecel iliyoanzishwa na Miko Rwayitare. Lakini chombo kimoja kiliuzwa maelfu ya dola. Mambo yaligeuka Celtel ilipoanza mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002. Antena moja juu ya kilima huhudumia vijiji kadhaa bila waya, na mtu hununua inite kadiri ya mfuko wake, bila bili ya mwezi. Kabla ya 2005 wateja walikuwa wamepita milioni 1.

Namba ya nyumba, namba ya mtu

Zamani namba ilikuwa ya nyumba. Aliyekimbia aliiacha nyuma pamoja na mlango wake. Leo namba ni ya mtu, na hutembea naye hadi kambini au kwa familia iliyompokea. Mei 2021, baada ya mlipuko wa Nyiragongo, mamlaka iliamuru sehemu ya Goma ihame, na watu laki kadhaa wakaelekea Sake, Rutshuru na Rwanda. Watoto wengi walipotezana na wazazi. Mtoto anayejua namba ya mzazi wake ana njia fupi zaidi ya kurudi nyumbani.

Kazi mpya tuliyopewa

Habari ya foni ilipitia kwa mtu anayejulikana, ambaye angeulizwa: umeitoa wapi? Simu ya mfukoni haina mlinzi huyo. Neno moja, «wamefika», laweza kuhamisha kijiji kizima usiku, au kuwatia jirani wawili uadui, kabla ya mtu yeyote kuhakikisha. Hata kimya huleta uvumi. Simu isipopatikana, wengine huanza kulia msiba, kumbe antena imeishiwa mazutu au betri imekwisha.

Kwa hiyo tunashauri:

- Familia: wafundisheni watoto namba mbili kwa kichwa. Ziandikeni pia kwenye karatasi, maana simu huibwa na huzimika.
- Tumieni laini yenu mara kwa mara. Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa huweza kufungwa na kupewa mtu mwingine.
- Kubalianeni mapema mahali pa kukutana endapo hakuna mtandao.
- Anayemtafuta ndugu aliyepotea aende pia kwa Msalaba Mwekundu, wenye kazi ya kuunganisha familia.
- Wakuu wa vijiji, wa kambi na wa avenyu: kabla ya kutangaza habari ya hatari, mpigieni mtu aliyeko mahali penyewe, kisha mwingine asiye wa kabila lake wala wa chama chake. Wote wakisema neno moja, tangazeni.
- Kila mmoja aulize: umeona mwenyewe, au umepigiwa?

Simu haipatanishi wala haigombanishi yenyewe. Inabeba sauti tunayoipa. Waya uliokuwa wa wachache umekwisha. Sasa kila mwenye simu ni mlinzi wa habari katika mtaa wake.